Gharama Iliyovushwa Maji: Ukuaji wa Mombasa na Deni la Upande wa Bara

Ukuaji wa haraka wa mji, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, si wingi wa watu peke yake, kwa kuwa mji unaweza kujaa watu na bado ukawatosha. Ni ile hali ambamo watu, kazi na nyumba huongezeka kwa kasi inayoyaacha nyuma mambo manne yanayoufanya mji ukalike, yaani maji safi, njia ya kuondolea maji machafu, namna ya kwenda na kurudi, na haki ya mtu kukaa pale alipojenga. Baina ya kinachotangulia na kinachobaki nyuma hutokea pengo, na pengo hilo lina gharama ambayo ni nadra kuandikwa katika vitabu vya hesabu vya serikali au vya kampuni, ingawa hulipwa kila siku kwa fedha ya mtungi wa maji, kwa saa za kusubiri kivuko, kwa maradhi ya watoto na kwa hofu ya kubomolewa. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba, tangu mwisho wa karne ya 19, Mombasa iliikwepa gharama hiyo kwa kuivusha maji: faida ya ukuaji ilihesabiwa kisiwani na bandarini, na mzigo wake ukatuliwa Changamwe, Kisauni na Likoni, mara nyingi bila wenyeji wa huko kuulizwa kama mabega yao yaliuweza.

Hesabu za sensa zinatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 179,575. Mwaka 1989 walikuwa 461,753, na mwaka 2019 walifika 1,208,333, ikiwa ni karibu mara saba ya idadi ya 1962. Lenye uzito zaidi ni mahali watu hao walipo, kwa sababu katika sensa hiyo ya 2019 Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na watu 154,171 tu, ilhali Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Kwa maneno mengine, katika kila wakazi wanane wa kaunti, saba wanaishi ng'ambo ya maji, na ni mmoja tu anayeishi katika kile kisiwa ambacho wageni na vitabu vya shule hukiita Mombasa.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba upande wa bara ulikuwa pori tupu lililongoja mji ulifikie. Changamwe ni jina la mojawapo ya Miji Mitatu, na Jomvu ni mojawapo ya Miji Tisa, ambayo kwa pamoja huunda yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Wadigo walikuwa na makazi na mashamba upande wa Likoni. Na Kisauni ndiko wamishonari wa Kanisa la Uingereza walikoanzisha Frere Town mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, mji ambao kengele yake iliyolipa jina eneo la Kengeleni ingali imesimama kando ya njia panda yenye msongamano wa matatu na tuktuk. Kwa hiyo kilichotokea baadaye hakistahili kuitwa upanuzi wa mji, neno linalotoa picha ya nguo kukunjuliwa juu ya meza isiyo na kitu, bali ni mji mmoja kuja kukaa juu ya makazi mengine yaliyokuwa na majina, makaburi na mipaka yake.

Kilichouanzisha mwendo huu ni reli. Ujenzi ulianza mwaka 1896, Kilindini ikiwa ndipo mahali pa kushushia shehena, na njia ikavuka Makupa kwa daraja kuelekea Changamwe hadi kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kisha mwaka 1926 gati za kwanza za maji ya kina zikafunguliwa Kilindini, na meli kubwa zikaweza kufunga kando ya nchi kavu badala ya kupakuliwa kwa matishari. Kwa mpangilio huo mizigo ilipata njia yake mapema. Watu wa Likoni walipata feri yao mwaka 1937, na Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, ambalo halikubadilishwa na lile la zege mpaka mwaka 1980. Mtu akiziweka tarehe hizi sambamba ataona kwamba njia ya shehena ilijengwa kabla mji haujakua, wakati njia ya abiria ilijengwa baada ya watu kuwa wameshahamia, na kwa kipimo cha watu waliokuwapo jana yake.

Bandari iliendeshwa na vibarua, na neno hilo linahitaji kufafanuliwa kwa sababu limebeba ndani yake nusu ya habari hii. Kibarua kwa asili ni barua ndogo, yaani kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku, na baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha la mtu mwenyewe. Mwajiri wa kibarua alinunua siku moja ya nguvu zake, basi. Hakuwa na wajibu wa kujua amelala wapi, amekula nini, au watoto wake wanateka maji wapi. Meli zilipokuwa nyingi vibarua waliitwa kwa maelfu, na zilipopungua walirudishwa walikotoka, na wengi wa watu wa pwani walikuwa na shamba la mihogo au minazi upande wa bara la kuwashikilia siku ambazo bandari haikuwahitaji. Shamba hilo lilikuwa ruzuku isiyoandikwa popote, kwa kuwa ndilo lililowezesha ujira wa bandarini kuwa mdogo kiasi kile, na mwanamke aliyelilima alikuwa akiichangia Kilindini bila ya jina lake kuonekana katika orodha yoyote ya mishahara.

Si kila mtumishi aliyekuwa na shamba la kurudia. Wale waliokuja kutoka mbali walipanga vyumba, na kodi ya chumba ikawa jiwe shingoni mwao. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, uhaba wa nyumba na ukubwa wa kodi vilikuwa kati ya malalamiko yao makuu, na baadhi ya waajiri wakaanza kutoa posho ya nyumba. Walipogoma tena Januari 1947, watu wapatao 15,000 wakiacha kazi kwa muda wa siku 12 na Chege Kibachia akijitokeza kuwa kiongozi wao, shughuli za mji mzima zilisimama, kuanzia makuli wa gati hadi wapishi wa majumbani. Ni baada ya misukosuko hiyo ndipo wakoloni walipoanza kulitazama suala la makazi ya mtu mweusi mjini kuwa ni jambo la utawala badala ya kuwa ni shauri lake mwenyewe. Hata hivyo nyumba za umma zilizojengwa kisiwani na Changamwe zilikuwa chache kulingana na mahitaji, na waliobaki nje ya hesabu walilazimika kutafuta mahali pao.

Mahali hapo palikuwa kwenye ardhi ya mtu mwingine, na hili ndilo jambo ambalo bila ya kulielewa mtu hawezi kuielewa Mombasa ya leo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi, iliyohusu ukanda wa pwani wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa jina na chini ya Waingereza kwa vitendo. Sheria hiyo ilimtaka kila anayedai kumiliki ardhi alete madai yake mbele ya msajili pamoja na ushahidi, naye aliyekubaliwa alipewa hati ya kudumu. Ardhi ambayo hakuna aliyejitokeza kuidai, au ambayo mdai wake hakuaminiwa, ilihesabiwa kuwa mali ya Taji, yaani ya serikali ya Uingereza. Waliokuwa na nyaraka za kadhi na mazoea ya ofisi walifaidika, na kwa njia hiyo familia chache za Kiarabu na za Kiswahili, pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi na Wazungu walionunua kutoka kwao, zilijikuta na mashamba makubwa. Ama Wamijikenda, wakiwemo Wadigo, ambao ardhi yao ilishikwa na ukoo na kuthibitishwa kwa kulimwa, kuzikia na kuabudia, walikuwa na ushahidi ambao ofisi ile haikujua kuusoma. Watu walioamka asubuhi wakiwa wenyeji walilala jioni wakiwa maskwota, bila ya kuhama hata hatua moja. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, iliitaja ardhi ya pwani kuwa miongoni mwa dhuluma za kihistoria za Kenya, na hapo miaka 105 ilikuwa imepita.

Mji ulipofika katika mashamba hayo ulizaa aina ya umiliki ambayo wachunguzi wa makazi huiita nyumba bila ardhi. Katika mpango huu mwenye shamba humruhusu mtu kujenga katika kiwanja chake kwa kodi ya ardhi inayolipwa kila mwezi, na mjenzi huwa ni mwenye nyumba kamili, anayeweza kuipangisha, kuiuza au kuwarithisha wanawe, ila udongo ulio chini yake si wake. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili inayojulikana tangu Majengo hadi Mlaleo: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uwani nyuma penye jiko, kisima na choo cha shimo, kuta za fito na udongo, paa la makuti ambalo baadaye likawa la mabati, na mwenye nyumba akijaliwa, kuta za mbele zikageuzwa za mawe ilhali za nyuma zikabaki za udongo. Chumba kimoja hukaliwa na mwenye nyumba, na vitano hupangishwa. Inapasa kukiri kwamba mpango huu uliwapa makazi watu wengi kuliko mradi wowote wa serikali, bila ya shilingi moja ya hazina, na kwamba uliwapa wanawake wengi, hasa wajane na walioachika, njia ya kujitegemea kwa kodi ya vyumba. Asiyeliona hilo atazitazama nyumba hizi kama uchafu wa kufagiliwa, na hilo ni kosa ambalo wapangaji wa miji wamelirudia zaidi ya mara moja.

Gharama yake, hata hivyo, imejificha ndani ya yale makubaliano ya mdomo. Benki haikopeshi kwa dhamana ya kuta zisizo na ardhi. Mwenye nyumba husita kutia fedha katika tangi la maji taka au msingi wa mawe, kwa sababu shamba likiuzwa, mnunuzi mpya anaweza kumpa notisi, na kilichoweza kung'olewa ni mabati na milango tu. Mwenye shamba naye, ambaye huenda yuko mbali au ni warithi ishirini wasiosikilizana, hukusanya kodi lakini hachimbi mtaro. Manispaa kwa upande wake ilikuwa na udhuru wa kutopeleka bomba kwenye makazi ambayo kisheria hayakuwa na wenyewe. Kwa hiyo pande tatu zilikuwa na sababu yake kila moja ya kutofanya kitu, na pale zilipokutana ndipo mvua ya masika ilipotuama.

Maji ndiyo yanayoonyesha matokeo yake kwa uwazi zaidi. Mombasa haina mto wa maji matamu, na tangu zamani ilitegemea visima, na hata pale bomba la kutoka chemchemi za Mzima, umbali wa kilomita 220 hivi, lilipokamilika mwaka 1957, mji ulikuwa ukikua upesi kuliko mabomba. Katika sehemu kubwa ya Kisauni kisima kimeendelea kuwa tegemeo, na ardhi ya huko ni mwamba wa matumbawe, yaani jiwe lililotokana na viumbe wa baharini, lenye vinyweleo na nyufa, ambalo huruhusu kimiminika kupenya bila ya kukichuja vya kutosha. Choo cha shimo na kisima vikiwa katika uwani mmoja, au vikitenganishwa na ukuta wa jirani tu, kinachoingia katika kimoja hufika katika kingine. Makazi yalipokuwa machache mwamba uliweza kuvumilia. Yalipobanana, maji yaliyokuwa baraka ya uwani yakawa chanzo cha kuhara, na aliyeweza alianza kununua maji ya kunywa kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, kwa bei ambayo kwa kila lita huizidi mbali ile anayolipa mkazi wa Nyali mwenye mfereji ndani ya nyumba.

Jambo hili si geni katika historia ya miji. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu kilichoua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London, kilitoka kwenye pampu moja ya Broad Street, ambayo kisima chake kilikuwa karibu na shimo la maji machafu. Lakini fedha ya kujenga mfumo mkubwa wa mitaro chini ya mhandisi Joseph Bazalgette haikupatikana mpaka kiangazi cha 1858, pale uvundo wa mto Thames ulipoingia katika madirisha ya Bunge lenyewe. Elimu ilikuwapo kwa miaka minne. Kilichokosekana ni gharama kuwafikia wenye mamlaka ya kulipa. Mombasa imekuwa na bahati mbaya ya kuwa na maji ya bahari pande zote, yanayowakinga wenye kuamua na harufu ya maamuzi yao. Jaa la Kibarani, lililokuwa kando ya Makupa penye lango la kisiwa, lilifungwa na kuanza kusafishwa mnamo 2018, na taka zikaelekezwa Mwakirunge, Kisauni. Mgeni anayetoka uwanja wa ndege sasa hapitishwi kwenye moshi, na hilo ni jema, ila taka hazikupungua kwa kuhamishwa. Kazi iliyofuata hapo hapo Makupa inastahili sifa zaidi: tuta lililokuwa limeziba mkondo wa maji baina ya hori la Tudor na lile la Port Reitz kwa miongo mingi lilibadilishwa kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2022, na maji yakapita tena.

Likoni ina gharama ya aina yake, ambayo ni wakati. Anayesimama juu ya mteremko wa Likoni kabla ya jua kuchomoza huona umati uliobanwa nyuma ya lango, wenye mikokoteni ya mboga na samaki wakiwa upande mmoja na wanafunzi, makuli na mayaya upande mwingine. Kisha king'ora kinalia, lango linafunguliwa, na watu wote hushuka kwa kasi moja kuelekea sakafu ya chuma ambayo bado inateleza kwa maji. Asiyevuka kwa feri hiyo atachelewa kazini, na kibarua aliyechelewa huikosa siku nzima. Msafiri wa miguu hatozwi nauli, jambo la haki kabisa, lakini saa za foleni hakuna anayezirudisha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe, iliyokuwa imebeba watu kupita kiasi, ilipinduka karibu na nchi kavu upande wa Mtongwe, na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa wakienda kazini kisiwani. Hawakuuawa na dhoruba. Waliuawa na idadi yao wenyewe, yaani na lile pengo baina ya mji uliokua na chombo ambacho hakikukua.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 1997, Likoni iliingia katika damu ya aina nyingine, pale kituo cha polisi kilipovamiwa na wageni kutoka bara ya juu wakashambuliwa, makumi ya watu wakauawa na maelfu wakakimbia. Siasa za uchaguzi wa mwaka ule zilihusika, lakini zilipata kuni kavu katika ardhi. Baada ya ghasia hizo shamba la Waitiki, lenye ekari 930, lilikaliwa na maskwota. Serikali ililinunua, na Januari 2016 wakazi wakaanza kupewa hati, huku kila mmoja akitakiwa kulipa shilingi 182,000 kwa awamu. Hapa kuna kitu cha kufikiriwa: Mdigo wa Likoni ambaye babu yake hakuandikwa mwaka 1908 alitakiwa kuilipia, zaidi ya karne moja baadaye, ardhi ambayo babu huyo hakulipwa ilipochukuliwa.

Si kweli kwamba njia nyingine haikuwahi kujaribiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Mikindani ilipimwa chini ya mpango uliojulikana kama viwanja na huduma, ambapo serikali huanza kwa kupima ardhi, kutoa haki ya kiwanja, kupitisha barabara, bomba na mtaro, kisha humwachia mwananchi ajenge kwa kasi ya mfuko wake, huku Chaani iliyokwisha kujengwa ikiboreshwa bila ya kubomolewa. Mpango huo ulikuwa na kasoro, ikiwemo kwamba mwenye kipato kidogo sana huuza kiwanja kwa aliyemzidi. Lakini ulikuwa umegeuza utaratibu. Mtaro ulitangulia nyumba. Nyumba ikishasimama, kupitisha mtaro ni kubomoa ukuta wa mtu na kugombana na mwenye shamba, na kwa hiyo hugharimu zaidi kuliko kama ungalichimbwa mapema, hata kama mabomba ni yale yale.

Katika Mikindani hiyo hiyo kipo kijiji cha Owino Uhuru, kilichopakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi, ile metali laini na nzito inayoharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Moshi wake ulitua juu ya mabati ambayo watu walikingia maji ya mvua, na maji machafu yakapita kati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua kwa sumu hiyo, aliongoza wakazi kudai, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hivyo ndivyo gharama ambayo haikuwamo katika kitabu cha hesabu cha yeyote ilivyokuja kuandikwa kwa tarakimu, baada ya miaka minane ya kesi na baada ya watoto kuzikwa, na mahakama ikataja pia taasisi za serikali zilizopaswa kuizuia mapema. Hesabu hiyo ni ya kijiji kimoja chenye watu wapatao 3,000, katika upande wa bara wenye watu zaidi ya milioni moja.